Uzi: Jinsi hukumu moja iliyotoka Bengal ilivyovunja wakfu wa familia zetu Mombasa na Unguja

Mkaazi wa Ng'ambo

Asalaam aleykum kwa Waislamu na habari za saa hizi kwa wakuu wote. Kila ukizuka mjadala wa mahakama ya kadhi lazima atokee mtu aseme Mwingereza hakuigusa sheria ya Kiislamu, aliwaachia watu wa pwani ndoa zao, talaka zao na mirathi yao, yeye akashughulika na ardhi na kodi. Nusu yake ni kweli. Ile nusu nyengine ndo naiandika leo na nitakwenda kwa urefu, kwahiyo mwenye haraka arudi usiku akitulia.

Ninachosema ni hiki: mkoloni hakuifuta sheria yetu ya familia. Aliichukua akawa yeye ndo msemaji wa mwisho wa Uislamu unasema nini, na kuna mahali alisema kitu ambacho wanazuoni wetu walikuwa wanafundisha kinyume chake kwa mamia ya miaka. Mfano mkubwa kuliko yote ni wakfu wa dhuria, yaani mtu anaiweka nyumba yake au shamba lake wakfu kwa watoto wake na wajukuu na vitukuu, haiuzwi hairithiwi, wanakaa na kula mapato yake tu, na kizazi kikiisha ndo inakwenda kwa masikini au msikiti. Familia nyingi za mwambao zilijengwa juu ya kitu hiki, na ukiona leo nyumba Mji Mkongwe au Mji wa Kale wa Mombasa watu wanagombana mpaka ukuta unawaangukia, mara nyingi ukifukua utakuta kuna karatasi ya wakfu pale chini.

Tuanze na ngazi yenyewe ilivyokuwa. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar na Waingereza waliandikiana mkataba, ule ukanda wa maili 10 wa pwani ya Kenya ukawa unaendeshwa na Mwingereza lakini unabaki ni nchi ya Sultani na sheria ya dini inabaki. 1897 zikatoka kanuni za mahakama za wenyeji, kadhi yumo, liwali yaani mkuu wa mji yumo, mudiri aliye chini yake yumo. Ukiishia hapo utasema mbona safi. Sasa angalia juu ya kadhi yupo nani, yupo jaji wa Kiingereza, na kuanzia 1902 ipo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na juu kabisa Privy Council, baraza la mwisho la rufaa za makoloni kule London. Unguja nako miaka mingi rufaa za mahakama ya Mwingereza zilikuwa zinavuka bahari kwenda High Court ya Bombay, na sheria za India zilikuwa zinatumika hapa hapa, za mikataba, za jinai, za ushahidi. Yaani kisheria sisi tulikuwa kama wilaya moja ya mbali ya India.

Na kadhi walikuwa watu gani? Unguja alikuwepo Sayyid Ahmad bin Sumeit, mtu ambaye elimu yake ilijulikana mpaka Hadhramaut na Comoro, akafariki 1925. Mombasa baadae Kadhi Mkuu wa Kenya alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947. Hawa ndo walikaa chini ya ngazi. Aliyekaa juu alikuwa anaisoma sheria hiyohiyo kwa Kiingereza kupitia vitabu vichache vilivyotafsiriwa. Kikubwa kilikuwa Hedaya, kitabu cha madhehebu ya Kihanafi cha Imam Marghinani, kilichotafsiriwa na Charles Hamilton 1791 huko India, tena hakutoka kwenye Kiarabu moja kwa moja, alipitia Kiajemi. Kwa upande wetu sisi Mashafii, watu wa madhehebu ya Imam Shafii, kulikuwa na Minhaj ya Imam Nawawi, ile kaifasiri van den Berg kwa Kifaransa ili maofisa wa Kidachi kule Java waitumie, halafu 1914 Howard akaitoa kwenye Kifaransa akaitia Kiingereza. Jaji wa Mombasa anafungua hicho anasema nimeshaijua Shafii.

Sasa ije hukumu yenyewe.

Bengal, India, ndugu wawili Waislamu waliweka mali zao zote zisizohamishika wakfu kwa watoto wao na vizazi vyao, na kizazi kikikatika mali iende kwa wajane, mayatima, ombaomba na masikini. Kesi ikapanda mpaka Privy Council ikaamuliwa 1894, inaitwa Abul Fata Mahomed Ishak dhidi ya Russomoy Dhur Chowdhury. Aliyesoma hukumu ni Lord Hobhouse. Akasema wakfu huu ni batili, kwasababu hilo fungu la masikini liko mbali mno na halina uhakika, ni la jina tu, na lengo halisi la hawa ndugu ni kukuza familia yao wenyewe, sasa hiyo sadaka iko wapi?

Ukitaka kujua fikra hiyo imetoka wapi usiende Makka wala mji wa Kufa kule Iraq, nenda kwenye sheria ya Kiingereza. Wao wana kanuni kwamba mali haifungwi milele ndani ya familia, lazima baada ya muda iachiwe iuzwe, isipokuwa imetolewa kwa ajili ya sadaka, na sadaka kwao ni kumpa mtu wa nje. Mwanao sio sadaka. Kwetu sisi kumlisha mwanao na ndugu yako ni sadaka tena ndo ya kwanza, na hadithi zipo. Sayyidna Umar alipoweka wakfu ardhi yake ya Khaybar waliotajwa ni masikini, jamaa wa karibu, watumwa wa kukombolewa, njia ya Mwenyezi Mungu, msafiri na mgeni. Jamaa wamo! Zubayr, sahaba wa Mtume, aliweka nyumba zake wakfu kwa wanawe, na akasema binti yake akiachwa na mume ana haki ya kurudi kukaa humo. Hebu fikirini hiyo peke yake, mwanamke aliyeachika ana mlango wa kugonga usiku na hakuna kaka wala mke wa kaka wa kumwambia hapa si kwako.

Na msidhani Privy Council hawakuambiwa. Miaka miwili kabla yake, 1892, kwenye kesi ya Bikani Mia pale Kolkata, Jaji Ameer Ali, Muislamu, aliandika hukumu ndefu ya kupingana na majaji wenzake, akazileta hadithi na vitabu moja baada ya moja kuonyesha wakfu wa dhuria ni halali kwa wanazuoni. Lord Hobhouse aliisoma na akaijibu. Jibu lake kwa ufupi ni kwamba hayo maneno ya Mtume ni mazuri mahali pake, ila itakuwa ni kumdhulumu huyo mtunga sheria mkubwa kudhani kwamba alikuwa anasifia zawadi ambayo mtoaji hajinyimi chochote, anatoa kwa mkono huu anachukua kwa mkono ule. Yaani Lord wa Kiingereza anamtetea Mtume dhidi ya fuqahaa, yaani wanazuoni wa sheria, wa umma wake! Mimi nikisoma pale kila mara naumia.

Lakini subirini. Miaka mitatu tu mbele, 1897, Privy Council hiyohiyo inapata kesi ya mjane, Aga Mahomed Jaffer Bindaneem dhidi ya Koolsom Bee Bee. Mjane anataka matunzo kutoka mali ya marehemu mbali na fungu lake la mirathi, anashika aya ya Suratul Baqara ya 240 inayozungumzia kuwausia wake matunzo ya mwaka mmoja. Safari hii mahakama ikasema itakuwa makosa majaji kuifasiri Qurani kwa rai yao kinyume na walivyoamua wafasiri wa zamani wenye hadhi kubwa. Mjane akakosa. Sasa kwa haki niseme, jumhuri ya wanazuoni, yaani wengi wao, nao wanaona hukumu ya aya ile ilifutwa na aya za edda na mirathi, kwahiyo matokeo yenyewe sio kwamba yalikuwa ya ajabu. Ila weka kesi mbili hizi pembeni mwa nyengine. Mjane anapotaka kusoma aya upya anaambiwa vitabu vya zamani haviguswi. Vitabu vya zamani vinaposema wakfu wa dhuria halali, vinawekwa kando jaji anafasiri hadithi mwenyewe. Kanuni ilikuwa ipi hapo?

Nitaendelea na jinsi ilivyofika kwetu, naona simu inaisha chaji.

Kaka Songea

Mkuu uzi mzuri nimeusoma wote, mimi sio Muislamu lakini nauliza kwa nia njema kabisa. Hivi huo wakfu wa familia si ulikuwa ni ujanja wa matajiri kukimbia madeni na kukimbia mirathi? Maana ukisema mali ni ya watoto wangu wa kiume na vizazi vyao basi mabinti umewatoa kijanja wakati Qurani imewapa fungu. Na mwenye kukudai anabaki anaangalia nyumba haiuziki. Huoni kama yule Lord alikuwa na hoja?

Mkaazi wa Ng'ambo

Nimerudi. Kaka Songea swali lako ni la msingi na halina ubaya wowote.

Ndio, wapo walioutumia vibaya, na fuqahaa wenyewe waliliona hilo zamani, wakajadili mtu akiweka wakfu huku anadaiwa, akiweka akiwa kwenye maradhi ya mauti, akiwatoa mabinti. Kila moja ina mlango wake kwenye vitabu, kwa mfano aliyeko kwenye maradhi ya mauti hawezi kuvuka thuluthi bila ridhaa ya warithi. Dawa ilikuwepo ndani ya sheria yenyewe na kadhi anaijua. Hata nchi za Kiislamu zenyewe baadae ziliona tatizo, Syria wakaufuta wakfu wa familia 1949 na Misri 1952. Ila wao walitunga sheria wakasema kuanzia leo tumeamua hivi. Privy Council haikusema tunabadilisha, ilisema hii ndo sheria ya Kiislamu na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hapo ndo ugomvi wangu. Na pili Lord Hobhouse hakuvunja ule unaodhulumu mabinti akaacha ule wa haki. Alivunja wote ambao masikini wako mwisho wa foleni, hata kama mabinti wamo sawasawa.

Sasa njooni pwani. 1907 kesi ya Talibu bin Mwijaka ikafika kwenye mahakama ya rufaa huku kwetu, na majaji wakaifuata Abul Fata. Kwasababu gani? Kwasababu Privy Council imeshasema, na mahakama ya chini haimpingi mkubwa, ndo utaratibu wao wa kesi rejea. Watu wa pwani ni Mashafii na Maibadhi, kesi ya India ni ya Mahanafi, haijalishi, mmeshaingizwa kwenye kapu moja linaloitwa sheria ya Kimohamedi. Kuanzia hapo mrithi yeyote mwenye tamaa anajua njia: usiende kwa kadhi, nenda kwa jaji, sema wakfu wa babu ni wa jina tu, wakfu unavunjika, mali inageuka mirathi, unachukua fungu lako unauza. Na kipindi hichohicho, 1908, Kenya ikatoka sheria ya hati za ardhi ya pwani, kila mtu anatakiwa apeleke madai yake kwa msajili ili ardhi ipate mwenyewe wa kuandikwa. Mali ambayo haina mmoja wa kuitwa mwenyewe ilikuwa inawasumbua sana hawa watu, soko lao la ardhi linataka jina moja kwenye karatasi.

India wao walipiga kelele. Wanazuoni, mawakili, magazeti, wote, na mwishoe Muhammad Ali Jinnah akaisimamia hoja kwenye baraza la kutunga sheria ikapita sheria ya 1913 ya kuhalalisha wakfu wa Waislamu, ikasema wazi mtu anaweza kuwekea wakfu familia yake mradi mwisho wake uwe kwa masikini au jambo la dini la kudumu. Mahakama zikasema hiyo haigusi wakfu zilizowekwa kabla yake, ikabidi itungwe nyengine 1930 ya kurudi nyuma. Kwahiyo India kwenyewe ambako hukumu ilizaliwa ilishatupwa.

Huku kwetu ikabaki! Hili ndo linalonishangaza mpaka leo. Sheria za India tulikuwa tunaletewa kila zilipotakiwa, ila hii ya 1913 haikuletwa. Kwahiyo Muislamu wa Bengal ana wakfu wa dhuria, Muislamu wa Mombasa hana kwasababu ya hukumu ya Muislamu wa Bengal.

Na mnajua iliendelea mpaka lini? Kesi ya Fatuma binti Mohamed bin Salim kutoka Kenya ilifika Privy Council na imo kwenye ripoti zao za 1952. Mawakili wakajaribu kusema jamani hawa ni Mashafii, na vitabu vya Shafii viko wazi wakfu wa namna hii unasihi, yaani ni halali. Jibu likawa Abul Fata haikuamua juu ya Mahanafi peke yao, iliamua juu ya sheria ya Kimohamedi kwa ujumla, na sheria ya India ya 1913 haihusu Kenya. Wakfu ukaanguka. Zaidi ya nusu karne baada ya Lord Hobhouse. Unguja dikrii ya kuhalalisha wakfu ilishatungwa 1946, na Kenya karibu wakati huohuo wa kesi ya Fatuma wakatunga Wakf Commissioners Ordinance ya 1951 ambayo ndani yake kuna kifungu cha kuulinda wakfu wa familia. Kwahiyo mwishoe ilirekebishwa, ila hesabuni kuanzia 1907, kizazi kizima kimepita mali zimeshagawanywa na kuuzwa na waliokula wameshazikwa.

Binti Kibokoni

Maashaallah ndugu yangu, haya mambo twayasikia juujuu tu kwa wazee, hatujawahi kuelezwa hivi. Lakini mimi nataka unisikize kidogo kwa upande wa wanawake, maana wanaume mukianza kuzungumza sheria ya familia mwazungumza nyumba na mashamba tu.

Kwanza, hizo mahakama za wazungu zilileta jambo ambalo bibi zetu liliwatesa, mume kwenda kortini kumshtaki mkewe arudi nyumbani. Sisi kwa sheria yetu mke akitoka bila ya sababu ni nashiza, haki yake ya kulishwa yasimama, basi, wazee wakae wasuluhishe. Hii ya korti kutoa amri kama ya kurudisha mali iliyopotea ilitoka wapi? Na pili huko India ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, mume akipotea mke angojea mpaka rika zake mume wote wafe, ndivyo walivyosoma Hanafi. Huku kwetu kadhi wa Kishafii alikuwa amfasakhia, yaani amvunjia ndoa, mwanamke aliyetupwa bila ya posho. Kwa hivyo mimi naona tulinusurika kwa sababu kadhi alibakia. Sijui wewe waonaje.

Mkaazi wa Ng'ambo

Dada yangu umegusa penyewe, na umenipa kazi maana hili nilitaka kulipita.

Ile ya mume kumshtaki mke arudi, chanzo chake ni mahakama za kanisa za Uingereza. Walikuwa nayo huko kwao kwa ajili ya ndoa za Kikristo, wakaja nayo. Mwaka 1867 Privy Council iliulizwa kwenye kesi ya Moonshee Buzloor Ruheem dhidi ya Shumsoonissa Begum, mke anasema huyu mume kanila mali yangu na kanitesa sirudi. Wakajibu mume Muislamu anaweza kufungua kesi hiyo, na mahakama itaangalia kama kuna ukatili wa kumfanya mke asirudishwe. Walifungua mlango na kuweka kizuizi kidogo pale. Huko India kwa muda mrefu mke akikaidi amri ile kwenye sheria ilikuwepo mpaka jela. Tofautisha na nushuzi, kama ulivyosema, ambao kilele chake ni kukatika nafaka, yaani posho ya mke, hakuna askari wa kumburura mtu.

Na ya mume aliyepotea ndo mfano wa pili mzuri wa sheria kugandishwa. Mahanafi vitabuni walikuwa na msimamo mgumu, ila wanazuoni wao walikuwa na njia ya kuazima kwenye madhehebu ya Imam Malik, mke angoje miaka minne halafu kadhi anaamua. Sasa ile inataka kadhi mwenye mamlaka na elimu ya kuchagua. Mwingereza kule India alishawaondoa makadhi kwenye mahakama zake tangu 1864, aliyebaki ni jaji na kitabu cha Hamilton, na kitabu hakina huruma wala ijtihadi ya kupima upya hukumu, kilichoandikwa ndo hichohicho. Matokeo yake kule Punjab wanawake wakawa wanatamka kuritadi, yaani kutoka Uislamu, kwa makusudi ili ndoa ivunjike, maana hapakuwa na mlango mwengine kabisa. Jamani mwanamke anafika mahali anautoka Uislamu kwa mdomo ili tu apumzike na mume aliyemtupa! Ndo Maulana Ashraf Ali Thanawi akaandika kitabu 1931 kufungua njia ya Kimaliki, na 1939 ikatungwa sheria ya kuvunja ndoa za Waislamu ikiwa na sababu nyingi za mke kuomba, kutolishwa miaka miwili, mume kutojulikana alipo miaka minne, na nyenginezo, na ikasema kuritadi peke yake hakuvunji ndoa ya mke.

Kwahiyo nakubaliana na wewe kabisa kwamba huku kubaki kwa kadhi kulituokoa kwenye ndoa na talaka. Kesi ndogondogo za posho, talaka, mahari, khului yaani mke kujivua ndoa kwa kurudisha mahari, zilikuwa zinaishia barazani kwa kadhi na mwanamke alikuwa anaweza kwenda mwenyewe akasema shida yake kwa Kiswahili chake. Balaa lilikuwa pale panapokuwa na mali ya kutosha kumlipa wakili, hapo ndo kesi inapanda ngazi, na ikipanda tu haiko tena mikononi mwa mtu anayeijua.

Chumbageni Mmoja

Mimi niongeze moja ambalo halijaguswa, watoto. Nimelisoma chuo mpaka likanikaa kichwani.

Ile sheria ya ushahidi ya India ya 1872 ilikuwa inatumika Kenya, Unguja na Tanganyika pia, Tanganyika imekaa mpaka 1967. Kifungu cha 112 kinasema mtoto akizaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika na mama hajaolewa tena, huo ni ushahidi wa mwisho kwamba ni wa mume, labda ithibitike mume na mke hawakuweza kukutana. Sasa linganisha na fiqhi. Kwa fuqahaa mtoto lazima azaliwe si chini ya miezi sita baada ya ndoa ndo nasaba yake inakwenda kwa mume, kwa kifungu hiki hata akizaliwa wiki moja baada ya nikahi ni wake. Upande wa pili, kwa Shafii mimba inaweza kuhesabiwa mpaka miaka minne baada ya kuachana, kwa kifungu hiki siku ya 281 hiyo kinga haipo. Wengine watasema ya miaka minne haiingii akilini kitabibu, sawa, ila jueni ilikuwa inamlinda nani: mama na mtoto wasiitwe majina mabaya mtaani.

Na hoja yangu ni kwamba hili liliwekwa kwenye sheria ya USHAHIDI. Mtu anakwambia mirathi yako inaamuliwa kwa sheria ya dini yako, halafu swali la nani ni mtoto wa marehemu, ambalo ndo mirathi yenyewe, linaamuliwa na kifungu cha ushahidi kilichoandikwa na Mwingereza. Kwa juu sharia ipo, kwa chini imeshachukuliwa.

Kwa huku kwetu Tanganyika hadithi ilikuwa tofauti kidogo na visiwani. Mjerumani alikuta maliwali na maakida, wakuu wa maeneo chini yao, akawatumia, Mwingereza akaendelea na maliwali kwenye miji ya pwani, lakini hapakuwa na mkataba na Sultani wa kuwalinda makadhi kama Kenya. Ndo maana 1963 mfumo mpya wa mahakama za mahakimu ulipokuja, mahakama za namna ile zilikufa kimyakimya. Bunge likatunga 1964 sheria ya kuandika upya sheria ya Kiislamu na 1971 ikaja Sheria ya Ndoa ya watu wote.

Kaka Songea

Hapo sasa nimeelewa. Kwahiyo Kenya makadhi walibaki kwasababu ya mkataba?

Mkaazi wa Ng'ambo

Ndio mkuu. Oktoba 1963 pale London kabla ya uhuru serikali ya Kenya na ya Zanzibar walikubaliana ukanda wa pwani uwe wa Kenya, na moja ya ahadi zilizotolewa ni kwamba makadhi watabaki kwa mambo ya Waislamu. Ndo mizizi ya kifungu cha 170 cha katiba yao ya 2010, ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wote wawili ni Waislamu na wamekubali kwenda kwa kadhi. Ila tazama hata hapo, rufaa inakwenda High Court. Ngazi ile ile, waliokaa juu ndo wamebadilika.

Chumbageni nakushukuru sana kwa kifungu cha 112, nilikuwa sikukiweka na ni kikubwa. Naongeza tu kwamba juu ya yote haya kulikuwa na ile kanuni iliyoandikwa makoloni mengi kwamba sheria ya mwenyeji itafuatwa mradi haipingani na haki na maadili mema. Haki ya nani, maadili ya nani, hayo hayakuandikwa, aliachiwa jaji.

Binti Kibokoni

Ndugu, suala la mwisho kabla sijalala. Kuna nyumba ya upande wa mama, ina karatasi ya wakfu ya zamani mno kwa Kiarabu, na sasa baadhi ya watu wa nyumbani wasema karatasi hiyo haina nguvu kwa sababu korti zilishazivunja zote zamani. Ni kweli zilivunjwa zote?

Mkaazi wa Ng'ambo

Hapana dada, sio kweli, na tafadhali mtu yeyote asiuze kitu kwa maneno hayo.

Hukumu za zamani zilivunja wakfu uliofikishwa mahakamani na mtu akaupinga. Ambao haukupelekwa na mtu haukuvunjwa na mtu. Kwa Kenya ile sheria ya 1951 ipo mpaka leo kama Wakf Commissioners Act na kile kifungu cha wakfu wa familia kimo, kimeandikwa kugusa hata wakfu zilizowekwa kabla yake, isipokuwa pale ambapo mahakama ilishaamua. Kwahiyo kabla ya chochote tafuteni mambo haya. Karatasi isomwe na mtu anayejua Kiarabu cha hati na sio cha gazeti, atazame aliyeweka wakfu ni nani, tarehe, mipaka ya kiwanja, waliotajwa, na muhimu kuliko yote mwisho wake imetajwa iende kwa nani kizazi kikikatika. Halafu muangalie kwenye ofisi ya ardhi kama wakati wa usajili ule ulioanza 1908 kiwanja kiliandikwa kwa jina la mtu au kwa jina la wakfu, maana hapo ndo nyingi zilipotelea, baba mkubwa mmoja alikwenda akaandikisha jina lake kwa niaba ya wote na watoto wake leo wanasema ni yake. Na muulize Tume ya Wakf kama wanayo kwenye daftari zao. Kama kuna hukumu yoyote iliyowahi kutolewa juu ya nyumba hiyo itakuwa na namba ya kesi, anayesema ilivunjwa aitoe namba.

Kwa ndugu wa Unguja mafaili mengi ya mahakama za zamani yako Nyaraka pale Kilimani, na ya wakfu zinazosimamiwa na serikali yako Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nendeni na jina kamili la aliyeweka wakfu mpaka la babu yake, maana kwenye yale madaftari kina Salim bin Mohamed wamejaa.